Chupa Moja ya Manukato: Yaliyonipata Baada ya Kumtaja Mwizi Dukani

Kabla sijafungua kibanda changu cha kushona sare za shule hapa Nakuru, nilikuwa keshia wa duka moja la jumla kwa miaka minne, na katika miaka hiyo nilikatwa mshahara mara tatu kwa sababu ya bidhaa zilizotoweka kwenye rafu ambazo hata sikuzisimamia. Mara ya tatu nilikatwa shilingi 1,800, tena mwezi wa Januari, na kila mzazi wa Kenya anaijua Januari. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamruhusu mwajiri kumkata mfanyakazi kwa hasara aliyoisababisha mwenyewe kwa makusudi, au kwa upungufu wa fedha alizokabidhiwa akazembea. Hairuhusu hasara ya mwizi igawanywe sawasawa kwa wote walioingia kazini siku hiyo. Wakati ule sikulijua hilo, na hata ningelijua sidhani ningefungua mdomo. Naanza na habari hii ili msomaji aelewe kwamba siku nilipomwona kijana akiiba, mimi sikuwa mpita njia tu. Nilikuwa na deni la zamani kwa wezi wote wa dukani, na siku hiyo nikamdai mtu mmoja alipe lote.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Agosti 2018, siku mbili kabla ya shule kufunguliwa kwa muhula wa tatu, wakati Nakuru ilikuwa bado haijapewa hadhi ya jiji. Msimu huo mimi hupata riziki ya miezi miwili kwa wiki moja. Nilimwachia msaidizi wangu cherehani nikaenda supamaketi moja katikati ya mji kununua unga na sabuni ya kufulia. Kwenye rafu za vipodozi alisimama kijana wa miaka kama kumi na tisa, amevaa koti jeusi la jinzi lililomzidi ukubwa. Alichukua chupa ya manukato, akaigeuza kana kwamba anasoma maandishi, akainua macho juu kama mtu anayetafuta saa ukutani, kisha chupa ikazama ndani ya koti. Jambo lenyewe lilikuwa fupi kuliko kufunga kifungo. Akasogea mbele, rafu ikamficha, nami nikabaki na mfuko wa unga mkononi, moyo ukinidunda kana kwamba mimi ndiye niliyeiba.

Nilichopaswa kufanya sasa nakijua, na kilikuwa rahisi. Ningemtafuta msimamizi wa zamu, ambaye kwa kawaida huwa karibu na kaunta za malipo, nikamwambia kwa sauti ya chini: kijana wa koti jeusi, rafu ya vipodozi, chupa moja, upande wa kushoto wa koti. Kisha ningesubiri nione kama atapita kaunta bila kulipa, kwa maana mtu aliyeficha kitu akiwa bado ndani ya duka ana haki ya kusema alikuwa njiani kwenda kulipa, na hakuna anayeweza kumpinga. Lakini nilimwona akiukaribia mlango, nikaikumbuka ile Januari, na nikapaza sauti duka zima likageuka: "Soja, shika huyo wa koti jeusi, ameiba!"

Mlinzi alimshika mkono. Kijana akajichomoa, akatoka mbio, na mlinzi akafanya kile ambacho mlinzi yeyote aliyeponyokwa na mtu mlangoni hufanya: akapiga kelele za mwizi. Msomaji wa hapa hahitaji kuelezwa neno hilo linafanya nini likitamkwa mchana barabarani. Stendi ya bodaboda ilikuwa ng'ambo ya barabara. Sikuhesabu ni wangapi walioruka kutoka kwenye pikipiki zao, ila nilipofika nje, unga nikiwa nimeutupa, kijana alikuwa tayari chini. Mmoja alikuwa akimpiga mateke ya mbavu kwa utulivu wa mtu anayefanya kazi aliyoizoea. Chupa ilikuwa imepasukia ndani ya koti, na harufu ya yale manukato, tamu ya kuchefua, ilikuwa imetanda pale pote pamoja na vumbi. Kiatu chake kimoja cha raba kilikuwa katikati ya lami, magari yanakikwepa.

Nilipiga kelele waache. Hakuna aliyenisikia, ingawa dakika mbili kabla duka zima lilikuwa limenisikia. Aliyemwokoa yule kijana ni askari polisi aliyekuwa akilinda benki jirani, pamoja na mzee mmoja wa stendi aliyejilaza juu yake huku akiwatukana wenzake kwa majina. Kijana alinyanyuka akiwa na jino moja pungufu na sikio linalovuja damu. Alinitazama, nadhani bila kunijua.

Kama kuna jambo moja ningependa msomaji alishike kutoka kwenye simulizi hii, ni hapo mlangoni. Ukishapaza sauti, huamui tena kitakachofuata. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, katika kifungu cha 34 na cha 35, inamruhusu raia wa kawaida kumkamata mtu anayetenda kosa la namna hii mbele ya macho yake, lakini inamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Ruhusa inaishia hapo. Hakuna ruhusa ya kofi, na anayeshiriki kumpiga mshukiwa anaweza kushtakiwa kwa kujeruhi, na mtu akifa, kwa mauaji. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza, kabla hata ya kujiuliza kama ni haki kumtaja mwizi, ni nani atakayelisikia neno lako. Msimamizi akilisikia peke yake, litabaki dukani. Likifika barabarani, limekutoka.

Kituoni nilikaa saa tatu na nusu. Tukio liliandikwa katika kitabu cha matukio, nikapewa namba ya OB, yaani ya kitabu hicho, kwenye kipande cha karatasi. Nashauri namba hiyo uiandike pia kwenye simu, kwa sababu mimi karatasi yangu ilifuliwa pamoja na sketi. Uliza pia jina la afisa aliyepewa uchunguzi na namba yake ya simu, vinginevyo utazunguka kutoka dawati hadi dawati ukijieleza upya. Kuandikisha taarifa ni bure. Kosa langu la pili nililifanyia hapo. Juu ya meza ya afisa kulikuwa kumepangwa vitu vilivyosemekana kutolewa kwenye koti: chupa iliyovunjika, chupa ya pili iliyo nzima, na pakiti ya nyembe, vyote kwa jumla ya shilingi 820 kwa mujibu wa meneja. Nilikuwa nimechoka, cherehani inanisubiri, na vitu viko mbele yangu. Nikaandika kwamba nilimwona mshukiwa akichukua manukato na nyembe akaficha katika koti. Nikatia sahihi bila kusoma mara ya pili.

Nilikuwa nimeona chupa moja.

Nilidhani mambo yangeishia pale, duka lirudishiwe vitu vyake na kijana apewe onyo. Jumatatu akafikishwa mahakamani, kama Katiba inavyotaka: mtu afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa 24, na kama saa hizo zinaishia siku ambayo mahakama haikai, basi siku inayofuata ya kazi. Alikana shtaka. Alipewa dhamana ya shilingi 10,000, na kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuilipa, akapelekwa rumande kusubiri kesi.

Wiki ya pili, mama yake akaja kibandani kwangu. Sijui alielekezwa na nani. Nakuru ni kubwa lakini watu wanajuana. Alikaa kwenye benchi la wateja, akachukua sweta niliyokuwa nimeimaliza, akawa anapapasa mshono wa bega huku anazungumza. "Dada yangu, sikuja kukulaumu. Nimekuja kukuomba uitoe hiyo kesi." Nilimweleza nilivyoelezwa na afisa, kwamba mlalamishi ni duka, mimi ni shahidi tu, na kesi ikishafika mahakamani huwa ya Jamhuri, haiondolewi na mtu kwa kutaka. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, ndani mna noti za mia mia zilizokunjwa, akasema ni shilingi 2,000. Nilikataa, na wewe pia ukatae hata kama huruma imekujaa hadi kooni, kwa sababu shahidi anayepokea fedha za mshtakiwa amejitengenezea kesi yake mwenyewe. Nilipomaliza kukataa akaniuliza kama najua mwanawe alikuwa akimchukulia nani yale manukato. Nikasema sijui. Akasema hata yeye hajui, na alikuwa akinitazama kama mtu ambaye kwa kweli alitumaini kwamba mimi ningekuwa nimelisikia hilo mahali.

Siku ya kwanza ya kusikilizwa, mwezi wa Oktoba, nilifunga kibanda, nikapanda matatu kutoka Kaptembwa, nikakaa kwenye benchi la mahakama hadi saa sita unusu, kisha tukaambiwa shahidi wa polisi yuko kazini mahali pengine na kesi imesogezwa. Siku ya pili nilitoa ushahidi. Siku ya tatu nilienda kwa hiari yangu kusikia hukumu. Nimewahi kupiga hesabu: nauli, chakula na kazi niliyoipoteza katika siku hizo tatu vilinigharimu kama shilingi 4,500, kwa ajili ya bidhaa za shilingi 820 zisizo zangu. Sijutii fedha hizo, ila anayefikiria kuwa shahidi ajue kwamba anajitolea miezi kadhaa ya kuitwa na kurudishwa, na amwambie mwajiri wake mapema.

Kiongozi wa mashtaka aliniongoza vizuri, nikajibu bila tatizo. Kisha hakimu akamgeukia mshtakiwa, ambaye hakuwa na wakili, akamwuliza kama ana swali. Alikuwa amekonda. Alishika ubao wa kizimba kwa mikono yote miwili.

"Mama, uliniona nikiweka chupa ngapi kwenye koti?"

"Moja," nikasema.

"Ile ya pili uliiona?"

"Hapana."

"Na nyembe?"

"Hapana."

"Sasa mbona hapo kwenye karatasi umeandika uliniona nikichukua nyembe?"

Nilimtazama hakimu, hakimu akawa anasubiri na kalamu mkononi. Nikasema ukweli, kwamba vitu hivyo vilikuwa mezani wakati nikiandika. Kijana akasema hana swali lingine, mheshimiwa. Nilishuka pale nikiwa na aibu ambayo sikuitarajia, maana nilikuwa nimeenda kama mtu mwenye haki. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba taarifa ya shahidi inapaswa kuwa maskini: uliona nini, ukiwa umesimama wapi, kwa muda gani, kulikuwa na nini kati yako naye. Mengine yote, hata kama ni kweli, ni ya kusemwa na aliyeyaona. Ukitaka kuandika neno "aliiba," jizuie na uandike kile mikono ilichofanya.

Hakimu alimtia hatiani kwa chupa niliyoiona. Kosa la wizi wa kawaida katika Kanuni ya Adhabu lina kifungo kisichozidi miaka mitatu, na kwa makosa ya kiwango hicho Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998 inaipa mahakama nafasi ya kumwamuru mtu afanye kazi ya umma badala ya kukaa jela. Baada ya ripoti ya afisa wa probesheni, alipewa miezi mitatu ya huduma kwa jamii. Kufikia siku hiyo alikuwa ameshakaa rumande wiki nane. Kuhusu jino na sikio, hakuna aliyeulizwa lolote, wala mimi sikuulizwa. Yule wa mateke alibaki stendini, na ipo siku ya mvua, mwaka uliofuata, nilipanda pikipiki na tulipofika nyumbani ndipo nikamtambua alipovua kofia kunipa chenji. Nilimlipa nikaingia ndani.

Baada ya hapo kwa muda mrefu sikutaka kuona kitu dukani. Nilikuwa nikinunua huku macho yameinamia kikapu. Lakini hilo nalo si jibu, na nasema hivi nikiwakumbuka wale wanaosema mali ya supamaketi ni ya tajiri, hivyo acha wachukue. Tajiri hakatwi mshahara. Anayekatwa ni binti wa kaunta namba tatu. Na katika vibanda vya mitaani, ambako faida ya pakiti ya majani ya chai ni shilingi chache, pakiti moja ikipotea mwenye kibanda anahitaji kuuza nyingi ili arudi alipokuwa asubuhi. Isitoshe, Kanuni ya Adhabu ina kifungo kinachomtaka mtu anayejua kwamba kosa kubwa linatendeka atumie njia zinazofaa kulizuia, na wizi umo katika makosa makubwa. Sijasikia mteja aliyeshtakiwa kwa kukaa kimya mbele ya chupa ya manukato, lakini nalipenda lile neno la njia zinazofaa, kwani linamwachia mtu uamuzi wa njia.

Mwaka juzi nikajaribu njia nyingine. Katika duka lenye sehemu ya dawa ndani yake, nilimwona mama mtu mzima akitia kikopo cha mafuta kwenye mkoba. Safari hii nilimfuata msimamizi, nikamwambia nilichoona na mahali, nikaongeza kwamba inawezekana nimekosea. Msimamizi alimsubiri yule mama apite kaunta, akamsogelea akiwa anatabasamu, akamwomba aone risiti zake zote kwa ukaguzi wa kawaida. Mama akatoa mbili. Ya pili ilikuwa ya kile kikopo, alikuwa amekilipia kwenye dirisha la dawa, kisha akakitoa kusoma maelezo na kukirudisha mkobani. Alishukuru akaenda zake, bila kujua alikuwa ameshukiwa. Nilihisi jasho mgongoni. Kama ningefanya kama mwaka 2018, mwanamke mwenye umri wa mama yangu angeshikwa mkono mlangoni mbele ya watu kwa kitu alichokilipia, na angekuwa na kila sababu ya kunishtaki mimi na duka.

Kwa hiyo nikimtaja mtu sasa, namtaja kwa mtu mmoja mwenye dhamana, na namweleza kwamba nitakuwapo akinihitaji. Simgusi mshukiwa, simpekui; hata polisi wakitaka kumpekua mwanamke, sheria inataka apekuliwe na mwanamke mwenzake na kwa staha. Sipigi picha wala video. Ile ya kijana wangu ilizunguka kwenye simu za watu kabla hata hajafika kituoni, na duka likabandika sura yake kwenye kaunta ikakaa hapo hadi rangi ikapauka, miezi mingi baada ya kumaliza adhabu yake. Na kama naona mlinzi mwenye hasira, stendi karibu, na hakuna msimamizi wa kuambiwa, basi nitakiacha kitu kiende, nitapiga simu dukani baadaye niseme nilichoona. Najua wapo watakaoniita mwoga.

Gumu zaidi ni unapomjua mtu. Mwezi wa Mei mwaka huu, katika duka dogo mtaani kwetu, nilimwona mwanachama mwenzangu wa chama chetu cha kuchangiana akitelezesha pakiti ya majani ya chai chini ya kitenge. Ni mtu ambaye nimemlipia mchango akichelewa, naye aliwahi kulala hospitalini akimwuguza mwanangu. Mwenye duka alikuwa ameinama anapima mafuta ya taa. Nilimsogelea mwenzangu nikamwambia kwa sauti ya kawaida, "Mama, hiyo ya chai niwekee kwenye kikapu changu, nitalipia zote pamoja." Alinitazama kwa muda. Kisha akaitoa, akaiweka kwenye kikapu changu, nikalipa, nikampa mlangoni. Hatukusema neno.

Sina hakika kama nilitenda sawa. Mwenye duka alipata fedha zake na hakujua. Lakini nikijua kwamba hiyo haikuwa mara ya kwanza, je, sikumnyima habari anayoihitaji? Nimelizungusha kichwani mara nyingi. Mwenzangu alikosa mikutano miwili ya chama mfululizo. Wa tatu ulikuwa zamu ya nyumbani kwake. Alitukaribisha vizuri, akapitisha mandazi, na alipofika kwangu na birika alijaza kikombe hadi pomoni, akasimama pale pale akingoja nionje.

"Imekolea?" akauliza.

Nikamwambia imekolea, na nikaomba cha pili.